Kila Jani na Kinga Yake: Tuliyojifunza kwa Mimea ya Meru na Embu

  

Katika darsa moja ya akina mama, baada ya sala ya Alasiri, mama mmoja alituuliza swali lililotunyamazisha. Mwanawe wa miaka kumi na tisa ameacha chuo. Usiku halali, mchana haamki, na mfukoni mwake hakukosekani majani. "Sheikh," akasema, "mwatufundisha kwamba Allah hakuumba kitu bure. Basi huu muguka aliuumbia nini?" Wenzake wakainamisha vichwa. Sisi tukamjibu kwa maneno ya haraka ambayo hayakumtosha yeye, wala hayakututosha sisi wenyewe.

Swali lile tulisafiri nalo. Mwaliko wa ndugu zetu Waislamu wa Embu na Meru ulipotufikia, tulikwenda kwa ajili ya hafla ya madrasa yao, lakini nia yetu ya pili ilikuwa kuuona mmea huo katika ardhi yake, kati ya jirani zake. Kwani mmea, kama mtu, haujulikani vyema mpaka uonekane kwao. Tuliyoyaona na kuyasoma ndiyo tunayowasimulia leo, na jibu la mama yule tumeliweka mwisho.

Maji mamoja, ladha mbalimbali

Anayetoka Embu kwenda Meru hupita ubavuni mwa Mlima Kenya, upande wa mashariki. Kilele chake kirefu, Batian, kina mita 5,199 juu ya bahari. Upande wa pili wa barabara ardhi huteremka hadi nchi ya Mbeere na Tharaka, ambako nyanda zilizo karibu na Mto Tana ziko chini ya mita 1,000. Mwenye gari huweza kufungua kinywa asubuhi katika baridi ya mashamba ya majani chai, na adhuhuri akawa anatafuta kivuli chini ya mgunga.

Miteremko ya kusini-mashariki mwa mlima hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, ilhali sehemu kavu za Mbeere hazipati hata nusu ya hiyo. Hata hivyo chemchemi ni moja. Mito ya Rupingazi, Thuci na Mutonga yote huishia Tana, na Tana, kama wajuavyo wasomaji wetu wa Garsen na Kipini, huishia katika bahari yetu. Maji yanayonywesha mpunga wa delta yalikuwa ukungu na theluji juu ya vichwa vya watu wa Meru na Embu. Nchi ile basi si ngeni kwetu. Ni ya mto wetu mmoja.

Katika Surat Ar-Ra'd, aya ya nne, Allah Subhanahu wa Taala anatuelekeza tuvitazame vipande vya ardhi vilivyo jirani, vyenye mizabibu, nafaka na mitende, vyote vikinyweshwa maji yaliyo mamoja, kisha mazao yake yakatofautiana kwa ladha. Anatuambia kwamba katika hayo mna ishara kwa wenye kutia akilini. Tuliisoma aya hii tangu utotoni. Tulipokuwa katika barabara ile ndipo tulipoiona kwa macho.

Kileleni, ambako kila usiku ni kipupwe

Juu kabisa hatukufika. Umri wetu na magoti yetu havikuturuhusu. Lakini vijana wanaowaongoza wapandaji walitusimulia, na vitabu vya elimu ya mimea vimeyaeleza kwa urefu. Kule juu, kwa kuwa ni karibu na Ikweta, hakuna msimu wa baridi wala wa joto kama nchi za mbali. Badala yake mchana jua huchoma, na usiku maji huganda. Mmea wa kule hupitia kiangazi na kipupwe ndani ya saa ishirini na nne, kila siku ya umri wake.

Huishije? Uko mmea uitwao senesio mkubwa, ambao huinuka kwa mita kadhaa kama nguzo yenye kichwa cha majani. Majani yake yakifa hayaanguki. Hubaki yameuzunguka mwili wa mti kama blanketi, yakazuia maji yaliyomo shinani yasigande. Na jua linapotua, majani mabichi ya juu hujikunja kuelekea ndani, yakalifunika chipukizi lililo katikati, lile ambalo likifa kwa baridi basi tawi lote limekwisha. Asubuhi hufunguka tena.

Jirani yake ni lobelia. Aina moja hupanga majani yake kama bakuli, ikakusanya maji ndani yake. Usiku maji ya juu hufanya barafu, lakini yale ya chini hayagandi, na chipukizi lililozama humo husalimika. Aina nyingine, iliyopewa jina la Mzungu Teleki aliyeufikia mlima huo mwaka 1887, huvisha shada lake la maua nywele ndefu kama sufi, zikaikinga na baridi.

Lobelia hizi mbili zimetuacha tukitafakari. Ile ya sufi hukaa miteremkoni, penye ukavu. Huishi miaka makumi bila ua hata moja, kisha hutoa maua mara moja tu, ikatawanya mbegu zake zote, ikafa. Ile ya bakuli hukaa mabondeni penye unyevu. Hutoa maua, hupumzika, kisha machipukizi yake mengine hutoa tena mwaka mwingine. Ni ndugu wa mlima mmoja, na kila mmoja amepewa desturi ya mahali pake. Waswahili walisema kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Msituni na mashambani

Chini ya nchi ya baridi huja mianzi, kisha msitu mkubwa. Hapa shida si kukosa maji, bali ni wingi wake na upungufu wa mwanga. Miti hushindana kwenda juu. Majani ya miti mingi ya misitu ya mvua huchongoka nchani kama mdomo wa birika, ili maji yachuruzike upesi, jani lisioze wala lisiote kuvu.

Katika misitu ya Meru na Embu umo mti wa mbao mashuhuri ambao Waingereza waliupa jina la mwaloni wa Meru, ingawa si mwaloni. Wenyeji huuita muuru. Huweza kufika mita 30, na mbao zake zimetengeneza samani nyingi za nchi hii. Akina mama, mwajua nduguye? Ni mfudu. Naam, mfudu uleule ambao watoto wetu wa pwani huokota tunda lake jeusi wakarudi nyumbani na ndimi nyeusi. Ni miti ya ukoo mmoja. Penye mvua na udongo mzito mlimani mmoja wao umekuwa mrefu wa kupasuliwa mbao. Huku kwetu, na katika ukavu wa Mbeere ambako mfudu pia hupatikana, nduguye amekuwa mti wa kimo kidogo, mwenye kupukutisha majani wakati wa kiangazi, na fungu lake likawekwa katika tunda. Ni aya ileile ya Surat Ar-Ra'd.

Baada ya msitu huja majani chai, na chini yake kahawa. Kumbukeni mimea hii miwili, kwa kuwa tutairudia. Kinachotuamsha tunapoinywa ni kafeini, na wataalamu wametuonyesha kuwa mmea haukuiweka kwa ajili yetu. Ni sumu kwa wadudu wengi wanaotaka kuutafuna. Tunaloliita kiburudisho, kwa kiwavi ni onyo.

Mbeere na Tharaka: wenye subira, wenye haraka na wenye akiba

Tulipoteremka kuelekea Siakago na Ishiara, hewa ilibadilika na udongo ukawa mwekundu wenye mawe. Mtu wa mlimani akitazama atasema hapa hapana kitu. Atakuwa hakutazama vyema.

Mgunga una vijani vidogo mno, ili jua lisiyanyonye maji yake, na miiba ya kuwatuliza mbuzi, na mizizi inayoshuka mbali. Mukau, mti wa mbao ambao wakulima wa Mbeere wanaupanda kwa wingi siku hizi, ni wa jamaa moja na mwarobaini wetu. Hupukutisha majani, kisha huvaa mapya wakati wa ukavu, mwenye mifugo akapata cha kuwalisha wanyama wake pale nyasi zimekwisha. Mbuyu, unaoonekana huko Tharaka, hukaa uchi miezi mingi. Tumbo lake lenye maji humwezesha kuchipuza majani kabla ya mvua kunyesha. Mabuyu mnayowanunulia watoto barazani ni matunda ya mti wenye kujua kuweka akiba.

Kando ya mito, kama katika Hifadhi ya Taifa ya Meru, tuliona mikoma na mikindu. Tulifurahi kama tuliokutana na jamaa. Mkindu ndio utoao ukindu, na ukindu ndio mikeka tunayoswalia. Wenyewe haushindani na ukame. Umechagua kusimama ukingoni, miguu majini.

Na iko mimea yenye kuuepuka ukame kwa mbio. Mojawapo ni ndengu, ambazo sisi huziita pojo. Mbegu huota mvua inaponyesha, ikatoa maua na maganda, na kati ya siku 60 na 90 mkulima amekwisha kuvuna. Jua kali likija, humkuta amekwisha kuondoka shambani. Kila mara mpikapo pojo za nazi, huenda mkawa mwapika subira na haraka ya nchi ya Mbeere au Tharaka.

Jani changa na silaha yake

Sasa tumefika kwenye mmea uliotupeleka. Miraa ya Igembe na muguka wa Mbeere ni mti wa jinsi moja, ambao wataalamu huuita Catha edulis. Tofauti iko katika ardhi na malezi. Igembe, kwenye vilima vya Nyambene, huachwa ukawa mti, na watafunaji hutaka ganda laini la vijiti vichanga. Mbeere hukatwakatwa ukabaki kichaka cha kimo cha mtu, na hutafunwa majani yenyewe. Majani yake makavu kidogo na magumu hustahimili jua. Mahindi yanaponyauka, kichaka kile kingali kijani, na mvua kidogo tu ikigusa, huchipuza.

Ndani ya majani yake imo dawa iitwayo kathinoni. Ndiyo inayomfanya mtafunaji asilale, asione njaa, aseme sana, kisha ikimwacha, aingiwe na uzito wa moyo. Aghalabu dawa chungu za namna hii katika mimea ni silaha dhidi ya wadudu na wanyama, kama tulivyosema kuhusu kafeini. Na kathinoni huwa nyingi zaidi katika jani changa. Zingatieni hapo. Jani lililokomaa lina ugumu wake wa kujilinda. Jani changa bado ni laini, halina ngozi nene, basi limewekewa silaha ya uchungu. Jani likichumwa na kuanza kunyauka, silaha hiyo hupungua, na katika muda wa siku mbili hivi nguvu zake nyingi zimekwisha. Ndiyo sababu ya magari yale yanayokimbia usiku kucha kuja pwani.

Tulipolifahamu hilo, tulikaa kimya kitambo. Kilichowekwa kuwalinda watoto wa mti ndicho kinachowaangusha watoto wetu.

Mama wa Mbeere

Shamba tulilozuru ni la mama mmoja mjane. Si Mwislamu, lakini alitukaribisha kwa heshima, akatutandikia mkeka kivulini. Tulimuuliza kwa upole kwa nini hapandi kitu kingine.

"Mzee," akatujibu, "nilipanda mahindi, jua likayala. Nikapanda tena, likayala. Hiki kichaka ndicho hakikunitupa. Watoto wangu watatu wamesoma kwa majani haya."

Tukamuuliza kama watoto hao nao hutafuna. Alikaa kimya, akazungusha kijiti mkononi.

"Nimewakataza," akasema. "Wa mwisho hakunisikia."

Wasomaji wetu watukufu, tulikwenda tukidhani tutakutana na mtu wa upande wa pili. Tulimkuta mama aliye na jeraha lilelile la mama wa darsani.

Mtakumbuka kwamba mwezi wa Mei 2024 serikali za kaunti za pwani, Mombasa na Kilifi zikiwemo, zilitangaza kuupiga marufuku muguka. Serikali kuu ikasema amri hizo hazina nguvu kwa kuwa ni zao linalotambuliwa na sheria, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha utekelezaji wake kwa muda. Siku zile yalisemwa maneno mazito, watu wa pwani wakiwatukana wa Embu na wa Embu wakiwajibu. Wengine walisahau kwamba huko Embu na Meru iko misikiti, ziko madrasa, na wako ndugu zetu wanaoishi baina ya pande mbili.

Kuhusu hukumu ya kuutafuna, hili si jambo jipya. Wanazuoni wa Yemen walikhitalifiana juu ya qat, ambayo ni mti huuhuu, na katika karne ya 10 Hijria Imam Ibn Hajar al-Haytami, faqihi mkubwa wa madhhab yetu ya Shafi, aliandika risala maalumu akiwatahadharisha watu nayo. Sisi tunafuata kanuni inayojulikana, kwamba madhara huondolewa. Lenye kumwondolea mtu sala yake, usingizi wake, mali ya watoto wake na akili yake, halihitaji mjadala mrefu.

Jibu la swali

Basi tumjibu nini mama yetu wa darsani? Tunamjibu hivi. Allah hakuumba muguka kwa ajili ya mwanao. Aliuumba mti, akaupa mahali pa kukaa, na akaupa jani lake changa kinga ya kumwambia kila mwenye kutafuna: niache. Mbuzi na kiwavi huonywa kwa uchungu. Mwanadamu, aliyepewa akili kuliko wote, ndiye aliyeusikia uchungu ule, akaongeza peremende na njugu, akaendelea kutafuna. Mti haukukosa. Umetimiza ulichoumbiwa.

Na kama kila jani changa katika mlima ule lina kinga, sisi tumewawekea kinga gani machipukizi yetu? Tumerudi na mambo matatu.

La kwanza ni usiku. Senesio hufunga majani yake juu ya chipukizi jua linapotua, wala halingoji baridi iingie kwanza. Mtume wetu (S.A.W.) alituelekeza tuwazuie watoto wetu kutoka nje usiku unapoingia. Mtoto wa miaka kumi aliyezoea kuwa nyumbani Magharibi, akifika kumi na tano itakuwa rahisi kumuuliza alikuwa wapi. Udongo uwahi ungali maji. Na baba naye awepo, kwani mara nyingi mzigo huu tumewaachia akina mama peke yao.

La pili ni kwa yule ambaye baridi imekwisha kumfika. Asitangazwe barazani wala asifukuzwe nyumbani. Majani yaliyokufa ya senesio bado huukumbatia mti. Nasi kijana wetu tumkalie karibu, tumpeleke kwa daktari na kwenye vituo vya matibabu ya uraibu, tumshike mkono hadi msikitini bila kumtia haya mbele ya watu. Tumeona vijana waliorudi, alhamdulillah.

La tatu ni sufuria zenu, akina mama. Mama wa Mbeere alituonyesha pia kipande chake cha ndengu. Alisema zamea vizuri, ila muguka una mnunuzi kila siku, na ndengu hazina. Pwani hula pojo mwaka mzima. Wafanyabiashara wetu wakifunga safari ya Ishiara kununua pojo, na sisi tukiuliza dukani zilikotoka, tutakuwa tumemsaidia mama yule kupanda kisichomuumiza mwanawe wala wetu. Hilo laweza kuanza wiki hii, bila kungoja mahakama wala serikali.

Tulipoagana naye, alitufungia pojo kilo mbili katika kitambaa, akakataa malipo. Tulimpelekea zile pojo mama wa darsani, tukamweleza zilikotoka na ni nani aliyezifunga. Alizipokea kwa mikono miwili, akauliza jina la mwana wa mwisho wa mama yule, ili amtaje katika dua zake pamoja na wake.

Ewe Mola wetu, Uliyekilinda kila chipukizi katika baridi na katika jua, walinde watoto wetu na watoto wa jirani zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.